Vidonge vya Vitamini katika Ugonjwa wa Moyo na Anjina (Ufipa)

Vidonge vya vitamini vinavyotumiwa na wagonjwa wa moyo ni virutubisho vya dukani, hasa vitamini E, C, D, za kundi la B na mchanganyiko uitwao multivitamini. Humezwa kila siku kwa matumaini ya kutuliza anjina au kuzuia mshtuko wa moyo. Sumbawanga na kwingineko katika uwanda wa juu wa Ufipa, mkoani Rukwa, huuzwa kwenye famasi, kwenye maduka ya dawa muhimu na kwa wachuuzi wa mkononi. Majaribio makubwa yaliyofanywa tangu miaka ya 1990 yameonyesha kwamba havitibu anjina, wala havipunguzi vifo vya moyo kwa mtu ambaye mwili wake haujapungukiwa na vitamini hizo.

Ugonjwa wenyewe

Msuli wa moyo hulishwa na ateri zake wenyewe, ziitwazo ateri za koroni. Lehemu ikijikusanya katika kuta za ateri hizo, njia ya damu huwa nyembamba. Mtu akiwa amekaa, damu inayopita yaweza kutosha. Akipanda mlima, akibeba gunia la mahindi, akipandwa na hasira au akitoka nje asubuhi ya baridi, moyo hudai zaidi ya kinachofika, na kifua hubana. Maumivu huweza kwenda begani, mkononi, shingoni au kwenye taya, kisha hutulia ndani ya dakika chache mtu akipumzika. Hiyo ndiyo anjina, ambayo daktari Mwingereza William Heberden aliieleza kwa maandishi mwaka 1772.

Ufipa ina mazingira yanayouamsha upesi ugonjwa huu kwa aliye nao tayari. Mji wa Sumbawanga uko kwenye mwinuko wa mita 1,800 hivi, na baridi ya Juni na Julai huko si ya mchezo. Uwanda wenyewe umekaa kati ya maziwa mawili yaliyo chini sana: Tanganyika, mita 773 juu ya usawa wa bahari, na Rukwa, mita 800 hivi. Anayetoka bonde la Ziwa Rukwa kwa miguu kwenda uwandani hupanda takribani mita 1,000, na kwa mwenye ateri zilizoziba nusu, mlima huo ni kipimo kikali kuliko mashine nyingi za hospitali.

Tatizo ni kwamba maumivu ya kifua yana majina mengi kabla hayajafika kwa daktari. Mmoja husema kichomi, mwingine kiungulia, mwingine vidonda vya tumbo au chembe ya moyo, na kila jina lina dawa yake dukani. Wanawake na wenye kisukari huweza kupata anjina isiyo na maumivu makali, ila kuishiwa pumzi na uchovu, na hao ndio huambiwa wamepungukiwa damu au vitamini.

Si kila ugonjwa wa moyo ni anjina. Kwa vijana wa Tanzania, homa ya rumatiki inayoanzia kwenye maambukizi ya koo bado huharibu vali za moyo, na kwa watu wazima presha isiyotibiwa huchosha moyo hadi ushindwe kusukuma damu. Vali iliyokunjamana haifunguki kwa kidonge cha vitamini, wala presha haishuki kwa hicho.

Wazo lilikotoka

Katika miaka ya 1940, ndugu wawili madaktari, Evan na Wilfrid Shute, wa mji wa London katika jimbo la Ontario, Kanada, walitangaza kwamba vitamini E kwa kipimo kikubwa huwaponya wenye anjina. Wataalamu wenzao hawakuridhika, kwa kuwa akina Shute hawakuwalinganisha wagonjwa wao na wengine wasiopewa vitamini hiyo. Hata hivyo wazo halikufa. Baadaye lilipata maelezo ya kisayansi yenye mvuto: lehemu hudhuru ateri zaidi ikishaharibiwa na oksijeni, na vitamini E, C na beta-karotini huzuia uharibifu huo. Tena watu waliokula matunda na mboga kwa wingi, au waliomeza vitamini, walionekana kuugua moyo kidogo kuliko wengine.

Hapo ndipo hesabu ilipokosewa. Mtu anayemeza vitamini kila siku mara nyingi ndiye huyohuyo asiyevuta sigara, apimaye presha na mwenye fedha ya kula vizuri. Ili kujua kinachomsaidia, lazima wagonjwa wagawanywe kwa bahati nasibu, nusu wapewe vitamini na nusu kidonge kisicho na kitu, bila wao kujua nani kapewa nini.

Matokeo ya majaribio

Jaribio la kwanza lililovuma lilitoa tumaini. Mwaka 1996, utafiti wa Cambridge uitwao CHAOS, wenye wagonjwa 2,002, ulionyesha kwamba waliopewa vitamini E walipata mishtuko michache ya moyo isiyoua, ingawa vifo havikupungua. Tumaini hilo halikudumu. GISSI ya Italia (1999) iliwafuatilia watu 11,324 waliokwisha kupata mshtuko wa moyo, na vitamini E haikuwafaa. HOPE (2000), yenye watu zaidi ya 9,500, iliishia hapohapo. Nchini Finland, wanaume wavutaji sigara 1,795 waliokuwa na anjina walifuatiliwa ndani ya utafiti mkubwa wa ATBC. Vitamini E na beta-karotini hazikuwapunguzia dalili wala kuwazuilia mshtuko.

Jaribio linalostahili kukumbukwa kuliko yote ni Heart Protection Study la Uingereza, lililochapishwa mwaka 2002. Watu 20,536 waligawanywa mara mbili. Mgawanyo mmoja ulipima vitamini E, C na beta-karotini kwa pamoja. Mwingine ulipima simvastatini, dawa ya kushusha lehemu. Baada ya miaka 5 hivi vitamini hazikuwa zimebadili chochote. Simvastatini, kwa watu haohao, ilipunguza mishtuko ya moyo na viharusi kwa takribani robo. Ni nadra sayansi kuweka vitu viwili bega kwa bega kwa uwazi wa namna hiyo.

Vitamini nyingine zilifuata njia ileile. Foliki asidi pamoja na B6 na B12 zilishusha homosisteini, kemikali ya damu iliyohusishwa na ugonjwa wa moyo, lakini mishtuko ya moyo haikupungua katika NORVIT ya Norwei wala katika HOPE-2, zote za mwaka 2006. Multivitamini ilipimwa Marekani kwa madaktari wanaume 14,641 kwa zaidi ya miaka 10. Haikuzuia mshtuko, kiharusi wala kifo cha moyo. Vitamini D ilishindwa pia katika utafiti wa VITAL wa watu 25,871.

Pale vitamini zinapohusika kweli

Kuna ugonjwa mmoja wa moyo unaotibiwa kwa vitamini, nao ni beriberi. Vitamini B1 ikikosekana, moyo hushindwa kazi na miguu huvimba. Mgonjwa akichomwa B1 huweza kupata nafuu ndani ya siku chache. Walio hatarini ni walevi wa muda mrefu na wanaoishi kwa nafaka iliyokobolewa. Sembe nyeupe inayopendwa mjini imepoteza sehemu kubwa ya B1 pamoja na pumba. Dona imebaki nayo.

Upungufu wa virutubisho Rukwa si hadithi. Mkoa huu ni ghala la mahindi la taifa, lakini utafiti wa afya wa 2015–16 uliukuta ukiongoza nchi kwa udumavu, kiasi cha asilimia 56 ya watoto wa chini ya miaka mitano, na ule wa 2022 ulikuta bado karibu nusu. Tumbo lililojaa ugali si lazima liwe limelishwa. Hata hivyo mtoto aliyedumaa na mzee mwenye anjina wana mahitaji tofauti. Matone ya vitamini A kwa watoto na vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi kwa wajawazito vina kazi iliyothibitishwa. Kumpa mzee vidonge hivyo kwa ajili ya kifua ni kuchanganya mambo mawili.

Vitamini E nayo haiko mbali na jiko la Mfipa. Mahitaji ya mtu mzima ni miligramu 15 kwa siku, na kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya alizeti, zao linalolimwa mkoani humohumo, hutoa theluthi moja hivi. Kipimo cha HOPE kilikuwa zaidi ya mara 15 ya mahitaji hayo, na bado hakikusaidia. Maharage, karanga, majani ya maboga, na migebuka au dagaa wa Ziwa Tanganyika humfaa mwenye moyo kama chakula kamili, jambo ambalo kidonge hakijaweza kuliiga.

Madhara

Vitamini E kwa kipimo kikubwa huongeza hatari ya kuvuja damu kwa anayetumia aspirini au warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Beta-karotini iliongeza saratani ya mapafu kwa wavutaji sigara katika utafiti wa ATBC wa mwaka 1994. Vidonge vya vitamini C vya kuyeyusha kwenye maji, vinavyofoka povu, vingi vina sodiamu nyingi, na mwenye presha anayevinywa kila siku anakunywa chumvi bila kuionja. Mwenye vali ya bandia anayetumia warfarini aangalie vitamini K iliyomo katika multivitamini; mchicha na mboga nyingine za majani asiziache, ila ale kiasi kisichobadilikabadilika, na daktari atapanga dawa kwa kiasi hicho.

Dhara kubwa kuliko yote limo mfukoni. Familia iliyokwisha kununua kopo la virutubisho huona imekwisha kununua dawa, na fedha ya aspirini au statini (kundi la simvastatini), ambazo ni dawa za kawaida zisizo na jina kubwa, haipo tena.

Upatikanaji na tiba

Maduka ya dawa muhimu yalianza Ruvuma mwaka 2003, na Rukwa ikawa miongoni mwa mikoa ya mwanzo kufuata. Tangu mwaka 2019 dawa husimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), na vyakula na Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Muuzaji anayedai kwamba kirutubisho chake kinaponya moyo anadai kazi ya dawa kwa bidhaa ambayo haikupimwa kama dawa.

Tiba iliyothibitishwa ni aspirini kwa kipimo kidogo, statini, dawa za kupunguza mapigo ya moyo kama atenololi au bisoprololi, dawa za presha, na kidonge cha nitrogliserini kinachowekwa chini ya ulimi kifua kinapobana. Kuacha sigara kuna uzito kama wa dawa. Mgonjwa wa Ufipa huanzia zahanati au kituo cha afya, hufika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Sumbawanga, na akihitaji zaidi hupelekwa Mbeya, zaidi ya kilomita 300. Kupimwa ateri kwa mtambo na kuwekewa kipanua mshipa hufanyika katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2015, zaidi ya kilomita 1,100 kutoka Sumbawanga. Umbali huo ndio unaokipa kidonge cha jirani mvuto wake. Ndio pia sababu ya kutoacha dawa zinazopatikana hapohapo mkoani.

Anayependa kuendelea na multivitamini ya kipimo cha kawaida hana haja ya kuogopa, mradi daktari ajue na dawa za moyo zisipunguzwe. Kifua kikibana zaidi ya dakika 15 bila kutulia kwa kupumzika, hasa pamoja na jasho jembamba au kuishiwa pumzi, hali hiyo ihesabiwe kuwa mshtuko wa moyo: mgonjwa asiyedhurika na aspirini aitafune, na apelekwe hospitali saa hiyohiyo.