Siku Mbili za Hatari: Malipo ya Mabaharia wa Uingereza Baada ya Safari

Katika karne ya 19, baharia wa Uingereza aliyerudi London kutoka Calcutta alikabiliwa na hatari kubwa akiwa tayari gatini. Mshahara wa miezi mingi ulikuwa bado mkononi mwa mwenye meli, naye hana hata pesa ya kula. Madalali wa nyumba za kulala walipanda melini mapema na chupa za pombe, wakimwahidi kitanda kwa mkopo. Mshahara ulipotoka, deni liliumeza, na dalali huyohuyo akamtafutia meli nyingine.

Mahakama nazo zilikuwa zimeshikilia kwa muda mrefu kwamba mshahara hutegemea malipo ya mzigo. Meli ikizama kabla ya kuyapata, aliyeokoka hakuwa na dai. Ukatili huo ulifutwa na Sheria ya Meli za Biashara ya 1854.

Sheria ya 1850 ilikuwa imekwisha kuanzisha ofisi za mabaharia bandarini chini ya Bodi ya Biashara. Waliotoka safari za ng'ambo walipaswa kulipwa na kuachishwa kazi huko, mbele ya ofisa wa serikali. Nahodha alitakiwa kumpa kila mmoja hesabu yake angalau saa 24 kabla ya malipo. Tumbaku na nguo alizochukua stoo ya meli, fedha za matumizi, faini: kila kato liandikwe daftarini lilipotokea, na daftari liletwe mezani likidaiwa. Kato lisiloonyeshwa kwenye hesabu halikukubaliwa. Kwangu mimi, hizo saa 24 ni kati ya vifungu vya busara kabisa, kwa maana hata asiyejua kusoma alipata nafasi ya kusomewa hesabu na mwenzake kabla ya kutia alama yake.

Muda wa kungoja ulibaki tatizo. Sheria ya 1854 ilimruhusu mwenye meli kuchelewesha sehemu kubwa ya mshahara hadi siku 5. Mwaka 1880 ikaamriwa kwamba baharia anaposhuka apewe pauni 2 au robo ya haki yake, kiasi kilicho kidogo, na kinachobaki alipwe ndani ya siku 2, bila kuhesabu Jumapili na sikukuu. Malipo yakicheleweshwa bila sababu, mshahara uliendelea kuhesabiwa hadi siku ya malipo ya mwisho. Dalali aliyepanda melini bila ruhusa kabla mabaharia hawajashuka alikabiliwa na faini ya hadi pauni 20.

Ulinzi huo haukuwafikia wote kwa usawa. Wapiga makaa wa kampuni ya meli ya P&O walioandikwa Bombay, wakiwemo watu wenye asili ya pwani yetu ya Afrika Mashariki walioitwa Sidi, walifanya kazi kwa mikataba ya Kiasia yenye mishahara midogo mno. Sheria ya 1894 iliruhusu mikataba hiyo iwafunge hata wakiwa Uingereza, ili warudishwe India wakiwa bado kazini.