Hiyo S Iliyoninyima Kazi

Mwaka jana nilienda intavyu ya kupokea simu za wateja, ofisi moja pale Westlands. Nimetoka Kangemi asubuhi, shati imepigwa pasi, mfukoni nauli tu. Nikaambiwa nieleze siku ya muuzaji. He goes, he sells... s zangu zikatoka kama za nyoka. Jamaa wa paneli akanikata: ni "goz", si "gos". Wenzake wakacheka. Kazi sikupata.

Kanuni yenyewe si ngumu, manze. Neno likiishia sauti ya p, t, k au f, s inabaki s: stops, works, laughs. Likiishia s, z, sh au ch unaongeza silabi, teaches inakuwa "tichiz". Kwingine kwingi ni z. Dakika tano! Lakini shuleni tulifunzwa kuiandika tu, kuitamka hakuna aliyetaja. Na Kijaluo cha mama hakina z, sasa yeye angenifunza na nini?

Kilichoniuma ni kile kicheko. Nikaanza kuchimba hiyo s ilitoka wapi. Kumbe zamani kule London na kusini mwa Uingereza walikuwa wanamalizia na th: goeth, maketh. S ilikuwa ya watu wa kaskazini, Northumbria, na inaonekana kwa maandishi yao ya karne ya 10. Ikashuka kusini polepole, mamia ya miaka. Fungua Bibilia ya King James ya 1611, ni eth mwanzo mwisho. Shakespeare, wa enzi hiyo hiyo, alikuwa anachanganya zote mbili, vile sisi huchanganya Sheng na Kiswahili cha mtihani. Halafu 1643 mwalimu mmoja, Richard Hodges, akachapisha kitabu cha tahajia akikiri kwamba watu wanaandika maketh lakini mdomoni wanasema makes.

Yaani hata wenyewe walikuwa wanaandika hivi na kutamka vile. Na huko Norfolk kuna wazee wanaosema he go, bila s yoyote, na hao ni Waingereza wa kuzaliwa. Sijui paneli ingewafanyia nini.

Nina intavyu nyingine Alhamisi, hapo Waiyaki Way. Nafanya mazoezi jikoni: goz, runz, selz. Jana mama ameniuliza kama kuna nyuki ndani ya nyumba.