Kutoka Gari la Mfano hadi Kiwandani: Hatima ya Magari Mepesi ya Bei Nafuu Afrika Mashariki, 1986–2024

Magari mepesi ya bei nafuu yamebuniwa Afrika Mashariki zaidi ya mara moja, lakini ni nadra sana kuvuka hatua ya mfano na kuingia katika uzalishaji kwa wingi. Maelezo yaliyozoeleka huhusisha hali hiyo na upungufu wa utaalamu. Makala haya yanapinga maelezo hayo kwa kurejelea mifano miwili, Nyayo Pioneer ya Kenya na Kiira EV ya Uganda. Hoja kuu ni kwamba kikwazo hakikuwa kuunda gari la kwanza, bali kuwapata wanunuzi wa kutosha kugawana gharama za kiwanda.

Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kibuni gari la Kenya. Wahandisi waliunda magari matano ya mfano, yaliyozinduliwa Kasarani mwaka 1990 na kuripotiwa kufikia mwendo wa kilometa 120 kwa saa. Shirika la Nyayo Motor Corporation lilianzishwa ili kuyazalisha kwa wingi, lakini fedha za uzalishaji hazikupatikana. Baadaye shirika hilo lilibadilishwa kuwa Numerical Machining Complex, likijishughulisha na utengenezaji wa vipuri na mitambo. Mabadiliko hayo ni ushahidi muhimu: ujuzi uliojengwa na mradi ulibaki na kuendelea kutumika, ila gari lenyewe ndilo lililokufa.

Ili kuelewa kwa nini, yafaa kutofautisha gharama za aina mbili. Gari la mfano laweza kufuliwa kwa mkono katika karakana. Uzalishaji kwa wingi huhitaji kalibu za kuumbia bodi, mashine kubwa za kukandamiza mabati, majaribio ya usalama na mtandao wa vipuri. Gharama hizo hulipwa kabla gari la kwanza halijauzwa, nazo hazipungui kwa sababu gari ni dogo. Zikigawanywa kwa magari laki moja, kila mnunuzi hubeba sehemu ndogo. Zikigawanywa kwa magari elfu moja, unafuu wa bei hutoweka. Isitoshe, mapema katika miaka ya 1990 Kenya ililegeza masharti ya biashara ya nje, na magari yaliyotumika kutoka Japani yakaongezeka sokoni. Gharama za kalibu za magari hayo zilikwisha kulipwa na wanunuzi wa kwanza huko yalikotoka. Gari jipya la Kenya lisingeweza kushindana nayo kwa bei.

Mfano wa Uganda unaonesha mantiki hiyohiyo kwa sura nyingine. Mwaka 2011 Chuo Kikuu cha Makerere kilifanyia majaribio Kiira EV, gari dogo la umeme lenye viti viwili. Lilifuatwa na Kiira EV Smack, lenye viti vitano, mwaka 2014, kisha basi la Kayoola mwaka 2016. Mradi haukufa, bali uliacha gari la viti viwili na kuelekea kwenye mabasi. Uamuzi huo unaeleweka ukitazamwa kwa jicho la mnunuzi. Ng'ambo ya mpaka wa Uganda, katika vilima vya Karagwe na Kyerwa, mkulima wa Kiruruma huhitaji chombo cha kubebea kahawa, ndizi na jamaa zake. Gari la watu wawili halimfai hata likiwa rahisi. Basi, kwa upande wake, hununuliwa na taasisi, na bei yake hurudishwa kwa nauli za abiria wengi.

Ugumu huu si wa Afrika pekee. Volkswagen ilionesha BlueSport mwaka 2009, na Toyota ikaonesha S-FR mwaka 2015. Yote mawili yalikuwa magari madogo mepesi ya michezo, na hakuna lililozalishwa, ingawa kampuni hizo hazikupungukiwa wahandisi wala viwanda. Mazda MX-5, iliyoanza kuuzwa mwaka 1989, ilifaulu kwa kupata wanunuzi katika mabara kadhaa, hata yakazalishwa zaidi ya magari milioni moja. Nchini Kenya, kampuni ya Mobius ilifika mbali kuliko Nyayo Pioneer kwa kuuza magari yaliyokusudiwa barabara mbovu. Hata hivyo, mwaka 2024 ilitangaza kufunga shughuli zake kabla ya kupata mnunuzi wa kuichukua.

Kwa hiyo, kuihukumu Nyayo Pioneer kama aibu ya wahandisi ni kuisoma historia vibaya, na usomaji huo una madhara: huzielekeza serikali kugharimia mfano mwingine pale ambapo kilichokosekana ni soko. Mahali pa kuanzia ni ahadi ya ununuzi, hasa wa taasisi za umma, pamoja na soko la pamoja la Afrika Mashariki lililo wazi kwa gari hilo. Bila hayo, gari la mfano litaendelea kuzinduliwa kwa shangwe, kisha kuhifadhiwa.