Gari la spoti likipotea: Jinsi ya kuteua litakalochukua nafasi yake

MWENYE gari la spoti huliona kuwa zaidi ya chombo cha usafiri. Linapoibwa, kuteketea au kuharibika katika ajali kiasi cha kutofaa kutengenezwa, wazo la kwanza humtuma kutafuta jingine linalofanana nalo kwa jina, rangi na hata mwaka. Nchini Kenya, wazo hilo aghalabu hugonga ukuta wa sheria, na anayelikumbatia kwa pupa anaweza kupata hasara ya pili iliyo kubwa kuliko ya kwanza.

Yafuatayo ni mambo ambayo mkazi wa Gataka, Kitengela au kwingineko katika Kaunti ya Kajiado anafaa kuyapima kabla ya kutoa pesa zake.

Fidia ya bima

Aliyekata bima ya kumkinga mtu wa tatu pekee halipwi chochote kwa gari lake mwenyewe. Mwenye bima kamili naye hufidiwa kwa kuzingatia thamani ya gari sokoni kabla tu ya hasara, wala si bei aliyolinunulia au mapenzi aliyokuwa nayo kwalo. Iwapo alitaja thamani ya chini ili apunguziwe ada, kiwango hicho ndicho kikomo cha malipo. Rimu za bei ghali, turbo kubwa na vifaa vingine alivyoongeza bila kuvitaja katika mkataba huenda visihesabiwe. Isitoshe, gari likiwa na mkopo, benki huchukua haki yake kwanza.

Kwa hivyo, usilipe amana ya gari jingine kabla ya kampuni ya bima kuthibitisha kiasi cha fidia kwa maandishi.

Kikomo cha miaka minane

Kiwango cha ubora KS 1515:2000, kinachosimamiwa na Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS), hakiruhusu kuingizwa nchini kwa gari kuukuu lililozidi miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Usukani nao sharti uwe upande wa kulia. Mwaka 2025, kwa mfano, magari yaliyosajiliwa kabla ya Januari 1, 2018 yalizuiwa, na mpaka huo husonga mbele kila Januari.

Maana yake ni kwamba magari mengi yaliyopendwa na vijana wa miaka ya 2000 hayawezi kuagizwa tena. Uundaji wa Toyota Celica ulikoma 2006, Honda S2000 ukakoma 2009, Mazda RX-8 ukafuata 2012 na Mitsubishi Lancer Evolution 2016. Anayetaka mojawapo hana budi kulisaka miongoni mwa yale yaliyomo nchini tayari, ambayo hupungua kila ajali inapotokea.

Ukubwa wa injini

Anayeagiza kutoka ng'ambo akumbuke kwamba ushuru wa bidhaa hupanda kulingana na ukubwa wa injini. Tangu Sheria ya Fedha ya 2019, gari la petroli lisilozidi sentimita mchemraba 1,500 hutozwa asilimia 20, lililozidi hapo asilimia 25, na lililopita 3,000 asilimia 35. Ushuru wa forodha na ushuru wa ziada ya thamani (VAT) wa asilimia 16 hutozwa pia.

Hapa ndipo magari madogo yenye wepesi hupata nafasi. Suzuki Swift Sport iliyotoka 2017 ina injini ya 1,371 yenye turbo, na Mazda Roadster ya paa la kitambaa inayouzwa Japani ina injini ya 1,496. Zote mbili huangukia kiwango cha chini. Toyota GR86 yenye injini ya 2,387 huangukia kiwango cha kati.

Barabara ya nyumbani

Gari hununuliwa kwa macho lakini huishi barabarani. Barabara ya Magadi ina lami, ila safari haikomi hapo. Kuna matuta, mitaro na njia za changarawe hadi langoni. Upande wa Kitengela, udongo mweusi hunata na kuteleza msimu wa mvua. Tumbo la GR86 liko takriban sentimita 13 kutoka ardhini, ilhali la Subaru Forester liko takriban 22. Tofauti hiyo ndiyo huamua iwapo mwenye gari atafika kwake au atamwita fundi.

Historia ya mashindano ya Safari Rally ina funzo. Shekhar Mehta alishinda 1973 akiendesha Datsun 240Z, gari la spoti la viti viwili. Aliposhinda tena mara nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982, aliendesha Datsun Violet, gari ambalo asili yake ni la kifamilia. Hakuhitaji umbo lilelile ili kushinda. Alihitaji gari lililoiweza njia.

Ukinunua humu nchini

Gari adimu huwavutia matapeli. Tafuta rekodi ya umiliki kutoka Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama Barabarani (NTSA), ulinganishe jina la mwenye gari na kitambulisho cha muuzaji. Hakikisha nambari za chesisi na injini hazijakwaruzwa, na kwamba hakuna mkopeshaji anayelidai gari hilo. Mpeleke fundi wako, si wa muuzaji, achunguze dalili za ajali ya awali: rangi isiyolingana, vyuma vilivyochomelewa upya na milango isiyofungika sawasawa. Ulizia pia vipuri katika maduka ya Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, kabla ya kulipa.

Mwishowe, jiulize ni kipi hasa ulichokipenda katika gari lililopotea. Kama ni wepesi wa usukani, gari dogo litakufaa. Kama ni nguvu za injini, Forester yenye turbo inaweza kukuridhisha bila kukwaruzika tumbo. Ukishachagua, lifanyie uthamini na uorodheshe kila kifaa katika mkataba wa bima, ili hasara ikitokea tena ulipwe unachostahili.