Moyo Ulioachwa Mtini

Mwaka 1870 kilichapishwa London kitabu cha hikaya za Kiswahili ambazo Edward Steere, kasisi wa Kiingereza aliyefika Unguja mwaka 1864 na baadaye akawa askofu wa huko, alizipata kwa wenyeji. Na miongoni mwazo imo moja iitwayo Kisa cha Punda wa Dobi, ambayo kwa rai yangu ni ushahidi bora wa namna wanyama wa ngano wavukavyo bahari na kuvikwa tabia mpya kila wafikapo bandarini.

Hikaya yaanza kwa urafiki. Uko mkuyu mkubwa, nusu ya matawi yake yaelekea mjini na nusu yametanda juu ya bahari, na kima apandaye kula kuyu humrushia papa aliye chini majini, siku nenda siku rudi, hata papa akamwalika sahibu yake aende kwao apate kumlipa fadhila; na walipofika kati ya bahari, kima yu mgongoni mwake, ndipo papa alipomfunulia kwamba sultani wao hawezi, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima, asiye na pa kukimbilia, akamjibu kwa utulivu kwamba wao wakitoka huiacha mioyo yao mitini, na kwamba angaliambiwa mapema angaliuchukua. Papa akageuza njia. Kima akaurukia mkuyu wake, akanyamaza.

Asili ya maneno haya ni Bara Hindi. Katika Jataka, visa vya maisha ya Buddha yaliyotangulia, kima huyo ni Buddha mwenyewe, na adui yake ni mamba wa mtoni ambaye mkewe ameshikwa na uchu wa moyo wa kima. Hivyo mnyama ambaye mkulima wetu humfukuza shambani kwa mawe, kwa wale alikuwa sura ya hekima na subira. Mamba yumo pia katika Panchatantra, ambayo katika karne ya 6 tabibu Burzoe aliitia katika lugha ya Kipahlavi kwa ajili ya Khosrow Anushirvan, mfalme wa Uajemi. Na takriban mwaka 750 Ibn al-Muqaffa akaifasiri kwa Kiarabu kwa jina la Kalila wa Dimna, na humo mamba amekwisha kuwa kobe, na mti umekuwa mtini.

Ama njia ya kufika kwetu si ya kutafutwa mbali, maana kaskazi ilileta majahazi ya Uarabuni na Hindi kila mwaka, na mabaharia waliokaa wakingoja kusi walikuwa na masiku mengi ya kuzungumza. Walakini watu wa pwani hawakuipokea hikaya kama mzigo wa forodhani usiofunguliwa. Kobe hamtishi mvuvi, kwani kasa, aliye jamaa yake, alikuwa windo lake, hata akimkamata kwa kumtuma samaki mwenye kunata aliyefungwa kamba mkiani. Mwenye kutisha baharini ni papa. Mke mwenye uchu naye ameondoka, akaingia sultani mgonjwa, na kwa badiliko hilo papa amekuwa mtumwa wa amri, aliyekhini sahibu yake kwa kumtii mkubwa wake. Nalihesabu hilo kuwa jambo zito kuliko yote katika masimulizi ya Unguja.

Papa alipoita chini ya mti, kima alimjibu kwa kisa cha punda wa dobi, aliyehadaiwa aende kwa simba, akaponea chupuchupu, akahadaiwa tena akarudi, akauawa. Kwa Wahindi na Waarabu mwenye hadaa hiyo ni mbweha, na Kalila na Dimna wenyewe ni mbweha wawili. Kwetu kiti hicho kilikuwa na mwenyewe, naye ni sungura, yule yule aitwaye kalulu huko Malawi. Neno dobi, hata hivyo, limebaki na Uhindi wake.

Simba alitaka aletewe moyo na masikio ya punda. Sungura alikuwa amekwisha kuvila, akasema punda yule hakuwa navyo, maana angalikuwa navyo asingalirudi. Zama zile moyo ulikuwa makao ya akili, na aya ya 46 ya Surat al-Hajj yataja pamoja nyoyo za kufahamia na masikio ya kusikilizia. Basi msikilizaji wa Unguja aliyehitimu chuoni hakuhitaji kufasiriwa kwa nini sungura alivitaja viwili hivyo pamoja.

Msomaji ambaye nyumbani kwao yupo bibi aikumbukaye hikaya hii, namwomba amwulize alimsikia nani majini, papa, mamba au kasa, na mti ulikuwa gani, kisha aandike jibu pamoja na jina la mji, kama alivyolisikia, bila ya kulisahihisha.