Utambuzi wa tishu kwa hadubini (Mbinga na mwambao wa Nyasa)

Njia ya kubaini aina ya tishu ya mwili, na ugonjwa ulioishika, kwa kutazama kipande chembamba chini ya hadubini. Kipande hulowekwa katika formalini, hugandishwa ndani ya nta ya parafini, hukatwa kwa unene wa mikromita 3 hadi 5, kisha hutiwa rangi: hematoksilini huvipa viini vya seli rangi ya zambarau, eosini huipa sehemu iliyobaki uwaridi. Epithelia huonekana kama seli zilizobanana. Misuli ya mifupa hujulikana kwa michirizi yake.

Kwa wakazi wa kando ya Ziwa Nyasa, mtazamaji makini hutafuta pia mayai ya kichocho. Yale ya Schistosoma haematobium yana mwiba nchani, na katika ukuta wa kibofu huzingirwa na kundi la seli za kinga.

Hospitali ya Litembo, milimani Mbinga, imetumia picha za slaidi zilizosomwa na wanapatholojia walioko Ujerumani. Huduma hiyo ina thamani kubwa, maana uvimbe hauthibitishwi kuwa saratani kwa kupapaswa tu. Kipande kikichelewa kutiwa formalini huharibika, na hadubini haiwezi kukiokoa.