Mji wa Makuti: Kisiwa cha Msumbiji katika Historia ya Kiswahili

Anayezuru Kisiwa cha Msumbiji hufika kwa daraja jembamba, lenye urefu wa zaidi ya kilometa tatu, lililojengwa katika miaka ya 1960. Akishavuka hukuta mji wa sehemu mbili. Kaskazini ni mji wa mawe na chokaa: ngome ya São Sebastião iliyoanza kujengwa mwaka 1558, kikanisa cha Baluarte cha mwaka 1522, ikulu na maghala. Kusini ni mji wa makuti, waishimo wakazi wengi. Mawe ya kaskazini yalichimbwa huku kusini, ndiyo maana nyumba nyingi za makuti zimekaa chini kuliko barabara zinazozipitia.

Wageni hutazama mawe. Mwanaisimu ana sababu ya kuanzia kwenye makuti, kwani Wareno, waliokifanya kisiwa hiki makao makuu ya koloni lao hadi mwaka 1898, waliuita mtaa huo kwa neno la wenyeji: macuti. Neno hilo la ngeli ya JI-MA, ambalo umoja wake ni kuti, limo hadi leo katika Kireno rasmi kinachoueleza mji huo, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1991. Bila shaka neno moja halithibitishi kwamba lugha fulani ilizungumzwa mahali fulani. Maneno husafiri na majahazi. Linatosha, hata hivyo, kutufanya tuuangalie ushahidi mwingine kwa jicho jipya.

Vasco da Gama alitia nanga hapa Machi 1498. Shajara ya safari hiyo inasema kwamba lugha ya watu wa kisiwani ni ileile ya Wamuri, yaani Kiarabu. Kauli hii imerudiwa mara nyingi bila kuhojiwa. Tukumbuke kwamba Wareno walikuwa na wakalimani wa Kiarabu, na waliozungumza nao walikuwa watawala na wafanyabiashara waliokijua. Mgeni husikia lugha ambayo mkalimani wake anaiweza. Kilichosemwa sokoni, jikoni au baina ya mabaharia wenyewe hakikuingia katika shajara, na ukimya huo si ushahidi wa kutokuwapo kwa lugha nyingine.

Ushahidi mzito zaidi tunao, ila tumezoea kuusoma upande mmoja. Barua za Kilwa za mwaka 1711, zilizoandikwa kwa hati ya Kiarabu na ambazo asili zake zimehifadhiwa Goa, hutajwa katika kila mhadhara kama maandishi ya Kiswahili ya kale zaidi yanayojulikana. Huitwa za Kilwa kwa sababu ndiko zilikotoka. Mara chache mno tunauliza zilikokwenda, nazo zilipelekwa kwa Wareno wa Msumbiji na washirika wao wa pwani. Barua haiandikwi kwa lugha ambayo upande wa pili hakuna wa kuisoma. Mwandishi alitarajia kwamba kule kusini yupo mtu wa kuipokea, kuielewa na kuifasiri, na msomaji huyo ni sehemu ya historia ya fasihi andishi ya Kiswahili sawa na mwandishi.

Mawasiliano hayo hayakukoma na karne ya 18. Katika karne ya 19 watawala wa pwani ya kaskazini mwa Msumbiji waliendelea kuwaandikia maofisa wa Kireno kwa hati ya Kiarabu, na Kiswahili kilitumika katika barua hizo. Mwishoni mwa karne hiyo na mwanzoni mwa iliyofuata, tariqa za Shadhiliya na Qadiriya zilikita mizizi kisiwani kupitia Komoro na Unguja, zikaimarisha usomi wa hati hiyohiyo.

Leo lugha ya nyumbani kisiwani ni Kinahara, lahaja ya Kimakhuwa, na wenyeji hukiita kisiwa chao Omuhipiti. Hakuna haja ya kuwageuza Waswahili kwa kalamu. Upo mfano wa kusini kidogo, Angoche, ambako lugha ya Ekoti imetulazimisha kukiri kwamba msamiati wa Kiswahili na sarufi ya Kimakhuwa vinaweza kukaa nyumba moja. Inanishangaza kwamba mihadhara yetu huchora pwani kutoka Barawa hadi Sofala katika juma la kwanza, kisha kuanzia juma la pili mambo yote huishia Ruvuma.

Sehemu ya barua za karne ya 19 imo katika Nyaraka za Kihistoria mjini Maputo. Kuzisoma kunahitaji mtu anayemudu hati ya Kiarabu, Kiswahili cha kusini, Kimakhuwa na Kireno. Idara zetu hufundisha mawili ya haya, aghalabu kwa wanafunzi tofauti. Kisiwani kwenyewe mabati yanazidi kuchukua nafasi ya makuti juu ya paa, ingawa mtaa bado unaitwa macuti.